Dawa za maumivu baada ya upasuaji: tathmini kutoka zamu ya usiku

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji na nimezoea zamu ya usiku. Mchana kila dawa huonekana nzuri: madaktari wapo, ndugu wapo, na ganzi aliyochomwa mgonjwa chumba cha upasuaji haijaisha. Ikifika saa nane usiku ndipo unajua kama ulichopewa ni dawa au ni jina tu. Nimesoma vipeperushi vingi vya watu wa mauzo, vyenye picha za wazee wanaotabasamu na magongo yao, na sijakutana na hata kimoja kinachoizungumzia saa nane hiyo.

Kwanza kipimo changu, maana hakifanani na cha vipeperushi. Swali la "maumivu ni ngapi, sifuri hadi kumi" nauliza kwa sababu fomu inataka. Mzee mmoja atakujibu "tatu tu, sista" huku ameng'ang'ania chuma cha kitanda na hajathubutu kugeuka tangu jioni. Wa kitanda cha pili atasema "tisa" bila kuinua macho kwenye simu. Simwiti yeyote kati yao mwongo. Namwambia tu akohoe. Mwenye mshono wa tumbo asiyeweza kukohoa ana maumivu, ataje namba yoyote, na makohozi yanayobaki kifuani ndiyo yanayomletea nimonia. Aliyepasuliwa goti namwambia alikunje. Dawa inayomwezesha mtu kukohoa, kukunja goti, kukaa kitini na kwenda chooni kwa miguu yake naipa alama za juu. Inayomlaza fofofo kisha akaamka analia, siipi.

Naanza na parasetamoli, ambayo wagonjwa huitazama kama tusi. "Nimepasuliwa tumbo zima mnanipa ya kichwa?" Naelewa. Lakini kuna namba ambazo ningependa kila mgonjwa azione. Watafiti huzipanga dawa hizi kwa swali moja: ni watu wangapi wameze dawa ndipo mmoja zaidi apate nafuu ya nusu au zaidi, ukilinganisha na waliomeza kidonge kisicho na kitu ndani? Namba ikiwa ndogo, dawa ni nzuri. Kwenye mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, parasetamoli ya miligramu 1000 ina 3.6. Ibuprofeni ya miligramu 400 ina 2.5. Ukichukua nusu ya kila moja, yaani ibuprofeni 200 na parasetamoli 500 pamoja, unapata 1.6. Kodeini ya miligramu 60 peke yake, ile ambayo watu huiita dawa kali, ina 12.

Kumi na mbili! Watu kumi na wawili wameze, wavumilie kichefuchefu na kufunga choo, ili mmoja zaidi apate nafuu ya maana.

Sitaki kuzikuza namba hizo kupita kiasi. Majaribio mengi yaliyozizaa yalifanywa kwa watu waliong'olewa magego, tena kwa dozi moja tu, na gego si kifua kilichofunguliwa. Hata hivyo zinaonyesha pa kuanzia, nami nimeona vivyo hivyo vitandani. Mgonjwa aliyepewa parasetamoli na ibuprofeni kwa saa zilizopangwa, usiku na mchana, awe na maumivu au asiwe nayo, huhitaji mofini kidogo kuliko aliyeandikiwa "akihitaji". Hilo agizo la "akihitaji" ndilo ninalogombana nalo kila zamu. Kwenye karatasi maana yake mgonjwa akiomba apewe. Kitandani maana yake asubiri maumivu yapande, aone haya kumwita muuguzi, hatimaye aite, muuguzi awe kwa mgonjwa mwingine, kisha dawa ikishafika ichukue nusu saa au zaidi kuanza kazi. Dawa ileile, dozi ileile, na usiku mbaya kabisa. Nalikosoa agizo hilo hapa kama sehemu ya bidhaa, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuitenganisha dawa na namna anavyoipata.

Ubaya wa parasetamoli unajulikana: ini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na mwembamba sana au mwenye ini lililochoka apate chini ya hapo. Hatari kubwa iko nyumbani, ambako dawa ya mafua nayo ina parasetamoli ndani, na mtu humeza zote mbili bila habari. Ile ya dripu ina heshima isiyo yake. Kwa asiyeweza kumeza, sawa, ni neema. Kwa anayekunywa uji na kumeza vidonge vingine, sijaona inachomwongezea isipokuwa sindano mkononi, na tafiti zilizozilinganisha hazijaonyesha tofauti ya maana.

Ndugu wa ibuprofeni, kina diklofenaki na ketorolaki, nawapenda kwa masharti. Kwenye mfupa na jino hawana mpinzani. Lakini kabla sijachoma ketorolaki nauliza mambo manne hata kama faili linasema yameshaulizwa: vidonda vya tumbo, figo, moyo, na kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu isigande. Mzee hunijibu "hapana" kwa yote, kisha binti yake anatoa kwenye mkoba mfuko wa dawa ambao unasema vingine. Ketorolaki haitakiwi kuzidi siku 5, na hapo sina mjadala na mtu.

Katika kundi hilo ndipo soko lilipofanya mambo ya aibu. Miaka ya tisini mwishoni zilikuja dawa zilizosifiwa kwamba zinatuliza kama ibuprofeni na kuliachia tumbo amani. Vioxx ya kampuni ya Merck ikaondolewa sokoni Septemba 2004 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi. Bextra, iliyokuwa ya Pfizer, ikafuata 2005. Kilichoniudhi zaidi kuhusu Bextra kilijulikana baadaye: ilikuwa ikipigiwa debe kwa maumivu ya upasuaji, matumizi ambayo haikuwa imeidhinishiwa, na mwaka 2009 Pfizer ikakubali kulipa dola bilioni 2.3 kumaliza kesi iliyoihusu Bextra na dawa zake nyingine. Mwaka huohuo 2009 ikagundulika kwamba Scott Reuben, daktari wa usingizi wa Marekani aliyenukuliwa kila mahali kuhusu kuchanganya dawa za namna hii baada ya upasuaji, alikuwa ametunga data za makala zake zipatazo 21. Alifungwa miezi 6. Wazo la kuchanganya dawa limesimama hata hivyo, kwa sababu wengine wamelipima upya kwa mikono safi. Ila ndiyo maana mtu wa mauzo akiniletea grafu yenye rangi nzuri, swali langu la kwanza ni nani alihesabu. Selekoksibu, ya kundi hilohilo la Vioxx na Bextra, ipo hadi leo na inafaa kwa wengi. Moyo uulizwe kwanza.

Sasa mofini. Watu wanaiogopa kuliko kisu. Kwangu ndiyo dawa isiyo na unafiki kati ya zote. Tangu mfamasia Mjerumani Sertürner aitenge kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, tabia zake zinajulikana moja baada ya nyingine: itatuliza, itawasha ngozi, itatapisha baadhi, itafunga choo karibu cha kila mtu, na ikizidi itapunguza pumzi. Hakuna la kushtukiza. Unampa kidogo, unasubiri, unamtazama, unamwongeza. Usingizi hutangulia pumzi kupungua. Mgonjwa anayesinzia katikati ya sentensi haongezwi, hata akisema bado anaumwa. Na kuna naloksoni kabatini ya kuirudisha nyuma. Dawa za maumivu zenye namna ya kuzitengua ukikosea si nyingi kama watu wanavyodhani: figo zilizoumizwa na diklofenaki hazina sindano ya kuzirudisha.

Mashine ya kitufe, ambayo mgonjwa hujibofyea mofini mwenyewe, ni nzuri mno kwa sharti moja: abofye mwenyewe. Uzuri wake uko hapo, kwamba aliyesinzia hawezi kubofya, basi hawezi kujizidishia. Kisha anakuja shangazi mwenye huruma. Anamwona mtoto wa kaka yake amelala, uso umekunjamana, anaamua kumsaidia. Nimewahi kuwaondoa mashangazi, wajomba na wachumba kwenye kitufe hicho, nami huwa si mpole. Mtengenezaji ameandika onyo. Liandikwe kubwa zaidi.

Hapa kuna jambo la soko linalonichoma. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Mofini ya kawaida haina mwenye hataza wa kuitangaza, ni rahisi kuitengeneza, na kuna watu wanaofunguliwa tumbo na kurudi wodini bila hata tone. Upande wa pili wa dunia ileile wagonjwa wamerudishwa nyumbani na vidonge vya oksikodoni, dawa ya jamii ya mofini, kana kwamba ni peremende. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 yalikuta kwamba kati ya asilimia 67 na 92 ya wagonjwa waliopasuliwa walibaki na vidonge vya jamii hiyo ambavyo hawakuvitumia. Vinakaa kwenye droo. Kijana wa nyumba anavikuta.

Tramadoli na kodeini nazipa alama za chini, najua nitabishiwa. Kodeini yenyewe hufanya kazi kidogo sana. Ini ndilo huigeuza kuwa mofini, na watu wamezaliwa na maini tofauti. Kuna ambao ini halifanyi mageuzi hayo, basi unawamezesha chaki. Kuna ambao huyafanya kwa kasi, basi dozi ya kawaida inakuwa kubwa. Watoto waliotolewa mafindofindo walikufa kwa sababu hiyo, na mwaka 2013 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaweka onyo lake kali kuliko yote. Mwaka 2017 ikakataza kabisa kwa walio chini ya miaka 12. Tramadoli nayo hutegemea mageuzi yaleyale kwa sehemu, inaongeza hatari ya degedege, na haipatani na baadhi ya dawa za sonona. Sifa yake imejengwa na jambo moja tu, kwamba inaonekana nyepesi kuliko mofini. Kwenye wodi naiona ikitoa kizunguzungu kingi na nafuu ya kubahatisha. Mama mmoja alinieleza vizuri kuliko kitabu: "Maumivu yapo palepale, ila sasa mimi ndiye siko." Ningependa nimpe mofini kidogo ninayoijua kuliko tramadoli nyingi nisiyoijua itafanya nini kwenye mwili wake.

Ganzi ya eneo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Daktari wa usingizi anachoma bupivakeini, dawa ya ganzi, karibu na neva, na mguu mzima unanyamaza. Mgonjwa anarudi wodini ana njaa na mzaha. Tatizo ni kuisha kwake. Ganzi ya kuchoma mara moja huisha saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, tena si taratibu: mtu analala hana maumivu na kuamka nayo yote kwa pamoja. Huyo asipokuwa amemeza vidonge vyake kabla, utafukuzana na maumivu yake hadi asubuhi. Kwa hiyo nawaamsha. Wananichukia saa tano usiku ninapowamezesha vidonge wasivyoona haja yake, na saa nane hatuzungumzi kwa sababu wamelala.

Soko liliona pengo hilo na kuleta Exparel ya kampuni ya Pacira, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011: bupivakeini ileile imefungwa ndani ya viputo vidogo vya mafuta ili itoke polepole, na ahadi ya siku tatu. Wazo zuri kabisa. Kisha mwaka 2021 jarida la Anesthesiology likachapisha mapitio yaliyokuta kwamba ikichomwa karibu na neva, faida yake juu ya bupivakeini ya kawaida ni ndogo kiasi cha kutokuwa na maana kwa mgonjwa. Pacira ilifanya nini? Ilikishtaki chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, wenye jarida. Mahakama ikaitupa kesi mwaka 2022, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo 2023. Kampuni inayojiamini huleta jaribio jingine, haileti mwanasheria. Dawa yenyewe si mbaya. Lakini ukiwa na daktari anayeweza kuweka mpira mwembamba karibu na neva na kudondosha ganzi ya kawaida kidogo kidogo, una siku zako tatu, na ikizidi unafunga.

Mnayoniuliza sana siku hizi ni Journavx. Tarehe 30 Januari 2025 FDA iliidhinisha suzetrijini, ambayo kampuni ya Vertex huiuza kwa jina hilo, kwa maumivu ya wastani hadi makali ya muda mfupi kwa watu wazima. Niseme mapema kwamba nimefurahi. Kwa muda mrefu "dawa mpya ya maumivu" imekuwa dawa ya zamani kwenye chupa mpya, na hii kweli ni mpya. Neva zinazobeba maumivu kutoka kwenye jeraha zina milango ya sodiamu, na mmoja wao, uitwao NaV1.8, hauna kazi kubwa kwingineko. Dawa inauziba huo. Ujumbe unakwama njiani kabla haujafika kwenye uti wa mgongo. Haigusi vituo vya ubongo vinavyoguswa na mofini, kwa hiyo hailevyi, haipunguzi pumzi, na haina sababu ya kumfanya mtu aitamani baada ya kidonda kupona. Kwa wodi yenye wazee wanaokoroma na kusimamisha pumzi usingizini, hilo peke yake linanifanya niisikilize.

Sasa nafuu yenyewe. Majaribio makuu yalikuwa mawili, kila moja likiwa na watu zaidi ya 1000: waliokatwa kinundu cha mfupa kwenye mzizi wa kidole gumba cha mguu, na waliopunguzwa ngozi na mafuta ya tumbo. Walifuatiliwa kwa saa 48. Suzetrijini ilikishinda kidonge bandia katika yote mawili. Kwa waliopasuliwa tumbo, nafuu ya kuonekana ilianza baada ya saa 2 hivi, dhidi ya saa 8 za bandia. Kwa wa mguu ilichukua saa 4. Lakini kulikuwa na kundi la tatu, waliopewa haidrokodoni, dawa ya jamii ya mofini, na parasetamoli pamoja, na hao haikuwashinda popote. Halafu kuna kitu kilichonifanya nitabasamu nilipokisoma. Wagonjwa waliozidiwa na maumivu katikati ya jaribio, kidonge cha akiba walichoruhusiwa kilikuwa nini? Ibuprofeni ya miligramu 400.

Saa 4 ni muda mrefu sana kwa mtu aliyetoka kukatwa mfupa. Na hakuna aliyenionyesha bado kile ninachokitaka hasa: chukua wagonjwa ambao tayari wanapata parasetamoli na ibuprofeni kwa saa zilizopangwa, na ganzi nzuri, kisha nusu yao waongezewe suzetrijini na nusu bandia, uone nani anakohoa na nani anatembea. Wapimwe akina mama waliojifungua kwa upasuaji, wapimwe waliobadilishiwa nyonga. Vertex ilitangaza bei ya dola 15.50 kwa kidonge kimoja nchini Marekani, na humezwa kila baada ya saa 12. Kwa asiyeweza kutumia ibuprofeni kwa sababu ya figo, na ambaye mofini inamhatarisha, naiona thamani yake leo. Kwa kijana mzima aliyeng'olewa gego, sioni.

Ukiandikiwa, dozi ya kwanza ni miligramu 100 kwenye tumbo tupu, kisha 50 kila saa 12, na hizo zinazofuata unaweza kuzimeza hata ukiwa umekula. Acha balungi na juisi yake. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wamwambie daktari, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo hupungua nguvu. Ikianza kukuwasha au misuli kukubana, sema. Wala usikubali mtu akuondolee parasetamoli eti kwa sababu sasa una dawa ya kisasa.